Vidole vya Anko Muda

Baba mdogo haongei sana nyumbani. Ukimkuta asubuhi anakunywa chai na ukamuuliza jambo, atakujibu kwa kichwa. Maneno yake yote alikuwa anayaweka akiba ya bandani. Mchana picha ikishawekwa, mtu huyo huyo anasimama pembeni ya runinga, rimoti mkono wa kulia, na banda zima linamsikiliza yeye kuliko linavyoiangalia picha yenyewe.

Jina lake ni Mudathir. Mimi namwita baba mdogo kwa kuwa amemwoa Magreth, mdogo wake mama yangu, na kwao ndiko ninakoishi. Watu wengine wa Kilosa, kuanzia stesheni ya zamani mpaka ng'ambo ya mto Mkondoa, wanamwita Anko Muda. Babu yake aliletwa Kimamba kukata mkonge, baba yake akafanya kazi ya reli, na yeye akaangukia kwenye banda la kuonyesha picha. Kuta za matofali ya kuchoma, bati juu, mabenchi, na runinga moja kubwa iliyofungwa kwenye nondo.

Picha zilizotafsiriwa tayari watu wanazipata popote. Baba mdogo hakuzitaka. Alikuwa anasimulia mwenyewe, hapo hapo, kwa namna yake. Mtu mpya akitokea kwenye picha, anasimamisha. "Huyu mnayemwona na suti, msimwamini. Huyu ndiye shemeji yake stelingi." Anaachia. Ngumi ikipigwa, banda linalipuka, "Rudisha!" Anarudisha kidogo tu, ngumi inapigwa tena, anaisimamisha mkono ukiwa bado shavuni, anaeleza ugomvi huo umeanzia wapi, anaachia. Kidole gumba kinatembea juu ya rimoti na wala haiangalii. Picha ambayo mwingine angeimaliza upesi, yeye anaweza kwenda nayo mpaka jua linashuka, na hakuna anayenung'unika. Watoto wakitoka hapo wanajua hata jina la mama yake jambazi, ambaye kwenye picha hayupo.

Sasa, kulikuwa na kitu kilichokuwa kinamsumbua. Zamani alikuwa anaonyesha picha za kwenye flashi, zile zinazonakiliwa mitaani. Siku moja wakaja wakaguzi na polisi, wakabeba deki, wakabeba flashi, wakambeba na yeye. Walimpitisha sokoni mchana kweupe. Hakukaa sana huko ndani, lakini mama mdogo anasema aliporudi alioga, akakaa uani, akakataa chakula.

"Wameniita mwizi mbele ya watoto wanaoniita anko," akasema.

Mama mdogo ni mtu wa kwaya ya Anglikana, ingawa mumewe ni Mwislamu, na neno lake huwa halizunguki. Akamwita kwa jina la mtoto wao, akamwambia, "Baba Loveth, banda liwe safi au libaki limefungwa. Mimi mke wa mwizi siwezi kuitwa."

Akalifunga. Akawa anabeba magunia ya mahindi kwenye magodauni, anarudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope. Vijana wakimwona njiani wanamwambia, "Anko, simulia hata hilo gunia basi!" Anatabasamu, anapita.

Ndipo aliporudi Yared.

Yared ni Mkaguru wa milimani. Miaka ya nyuma, banda likiwa bado wazi, alishuka Kilosa kusoma sekondari na hapa mjini hakuwa na ndugu. Baba yake, mkulima wa maharage, alimleta kwa baba mdogo akiwa na godoro na sanduku la bati, akasema, "Huyu ni mtoto wako sasa." Alilala bandani nyuma ya runinga, akala kwetu miaka yote ya shule. Alipougua malaria, mama mdogo ndiye aliyekesha naye. Jioni alikaa benchi la mbele na kumwangalia baba mdogo mdomo wazi. Baadaye akaenda Dar kusomea kompyuta, akaajiriwa na kampuni moja yenye apu ya kutazama picha kwenye runinga kwa njia ya intaneti. Tukawa tunajisifia naye.

Kiangazi kimoja akaingia uani na begi jeusi mgongoni.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, bosi wa Dar! Umenenepa. Wanakulisha nini huko?"

"Chipsi tu, anko."

"Chipsi hazileti kitambi kama hicho. Hicho ni cha kuku mzima. Kaa."

Akakaa, akatoa kwenye begi kiboksi kidogo cha kuchomeka nyuma ya runinga, na rimoti nyembamba nyeusi.

"Anko, unazijua zile alama zinazotokea ukibonyeza rimoti? Ule mstari wa chini, mshale, ile ya kusimamisha?"

"Nazijua."

"Tunazibadilisha zote. Zilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa peke yake kwenye kochi lake. Huku kwetu nani anaangalia TV peke yake? Bosi anataka tuone watu wanavyobonyeza kweli. Nikamwambia yuko mtu Kilosa, hakuna anayebonyeza kama yeye."

Baba mdogo alicheka, na nilikuwa sijamwona akicheka tangu afunge banda. Halafu akauliza, "Ni halali?"

"Anko, sikiliza, hii ni..."

"Nimekuuliza neno moja."

"Ni halali. Akaunti ni ya kampuni, intaneti ya kampuni, picha za kampuni. Nakupa mimi kwa mkono wangu."

"Rudia, mama Loveth asikie."

Mama mdogo alikuwa anapeta mchele. Akauweka ungo chini. Yared akarudia neno kwa neno, akimwangalia usoni. Mama mdogo akasema, "Haya. Mimi nimesikia, na Mungu amesikia." Akaendelea kupeta.

Banda likafunguliwa. Siku ya kwanza lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Baba mdogo alisimama mbele, kanzu safi, maana ilikuwa Ijumaa na alikuwa ametoka msikitini, akasema, "Ndugu zangu, mlikuwa mnaniona mwizi. Leo hapa ni halali. Polisi akija, sogeeni apate nafasi, akae aangalie picha." Watu wakapiga vigelegele. Akawasha.

Yared alifunga kamera ndogo ukutani. Haikuangalia runinga, ilituangalia sisi na mkono wa baba mdogo. Akawa anaweka alama za namna moja, anatuacha, kisha anabadilisha. Za kwanza zilikuwa na mstari mnene uliokaa chini, kila baba mdogo akisimamisha unafunika miguu ya watu. Ilikuwa picha ya mateke. Banda likachachamaa.

"Miguu! Ondoeni hayo mataa, tunataka miguu!"

"Anapigwa na nini huyo, na upepo?"

Yared akauhamishia mstari juu, akaufanya mwembamba. Kurudisha nako kulikuwa na shida. Ukibonyeza, picha inaruka nyuma mbali mno, badala ya ngumi unaletewa watu wanakunywa chai. Akapunguza na kupunguza, mpaka kubonyeza mara moja kukawa kunarudisha ngumi moja tu. Vijana wakaita kipimo hicho "ngumi moja," na Yared naye akawa anasema hivyo hivyo kwenye simu akiongea na wenzake wa Dar.

Kulikuwa na kitufe cha kuruka wimbo wa mwanzo. Hicho tulikikataa kabisa. Wimbo wa mwanzo ndio wakati wa kutafutiana nafasi, watoto wanapakatwa, wa kahawa anapita. Ukiuruka, picha inaanza watu wamesimama.

Siku nyingine baba mdogo alitoka kwenda kuswali, akaacha tamthilia inajiendea. Ikaenda, ikaenda, mara ikasimama yenyewe, na maandishi yakatokea kwenye kioo: Je, bado unatazama?

Banda zima likajibu, "Tupooo!"

Kioo kimya.

"Mwambieni hatujaondoka," akasema mzee mmoja wa benchi la nyuma. "Anko kaenda kuswali, anarudi sasa hivi."

"Anatuuliza kama nani?"

"Kama mama mwenye nyumba!"

Yared alicheka mpaka akatoka nje kujifuta machozi.

Jioni tukila, alikuwa anamuuliza baba mdogo, "Anko, pale yule mama alipofungua mlango, ulisimamisha kwa nini? Mbona hakuna aliyepigwa?" Na baba mdogo anaeleza. Kwamba watu walikuwa wanaguna, na wakiguna namna ile wamempoteza mtu, hawajui ni nani tena. Kwamba ukisimamisha mapema wanakereka, ukichelewa wameshaanza kuulizana. Mtu wa kujibu kwa kichwa akawa anaongea mpaka ugali unapoa. Hakuna aliyewahi kumuuliza mambo hayo. Mama mdogo ananiangalia, namwangalia, tunacheka kimoyomoyo.

Yared akasema anahitaji banda la pili, la watu wa namna nyingine. Baba mdogo akampeleka Mikumi kwa Bonifas, mzee aliyemtangulia kwenye kazi hii, anayewaonyesha picha madereva wa malori wanaopumzika kando ya barabara kuu. Mimi nilikwenda nao, kwa kuwa mama mdogo alikuwa na vitenge vya kupeleka huko. Bonifas alimwangalia Yared akifunga kamera, akamvuta baba mdogo pembeni, lakini sauti yake haijui pembeni.

"Muda, huyu mtoto anaangalia vidole vyetu vya nini? Anataka kunivisha pete?"

Madereva wakacheka.

"Kaka Bonifas, huyu nimemlea mimi. Amekula kwangu. Nikikwambia ni mzima, ni mzima."

"Kwa hiyo akiharibu nimshike nani?"

"Nishike mimi."

"Haya. Mmesikia wote, amesema mwenyewe."

Kamera zilikaa mpaka mvua za vuli zikaanza. Yared akaja kuzitoa, akasema zimejaa. Baba mdogo akamuuliza, "Na akaunti?" Yared akasema, "Endelea tu, anko. Endelea kama kawaida." Nakumbuka hivyo kwa sababu alisema mara mbili, na mara ya pili alikuwa anafunga zipu ya begi.

Baada ya muda alama mpya zikaja zenyewe. Uliwasha runinga ukazikuta. Mstari mwembamba juu, miguu yote inaonekana, na kurudisha ni ngumi moja. Banda lilishangilia kama timu yetu imefunga bao. "Hiyo ni yetu! Hiyo ya Kilosa!" Watu ambao hata rimoti hawajawahi kuishika wakawa wanaonyeshana kidole: ule mstari niliusema mimi. Baba mdogo alisimama pale na rimoti yake, na kwa mara ya kwanza alisahau kusimulia. Picha ikaenda bila yeye kwa kitambo, na hakuna aliyemdai.

Jumapili moja baadaye, mchana, banda limejaa, stelingi yuko juu ya paa na jambazi amemshika mguu. Picha ikasimama. Tulidhani ni baba mdogo. Tukamgeukia tusikie atasema nini. Yeye alikuwa anaiangalia rimoti.

Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakatokea: Akaunti hii imebainika kuonyesha picha hadharani bila idhini. Huduma imefungwa.

Mimi shule niliiacha mapema, ila kusoma najua, na siku hiyo wote waliojua kusoma walisoma kwa sauti, kwa ajili ya wasiojua. Ndiyo ikawa inasikika kila benchi, bila idhini, bila idhini.

Mtu akapiga mluzi. Kelvin, kijana wa bodaboda anayependa kusikika, akasema, "Anko, kumbe ni zile zile!"

"Si ulisema ni halali?"

"Halali ya wapi hiyo? Ya kwenye giza?"

"Jamani," baba mdogo akasema, "jamani, kuna kosa. Nampigia Yared sasa hivi."

Akapiga mbele yao. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Watu wakaanza kusimama, wakawa wanapita karibu naye bila kumwangalia, na hilo lilikuwa baya kuliko maneno ya Kelvin. Jioni Yared akatuma ujumbe kwamba yuko kikaoni. Kesho yake hivyo hivyo. Kikao gani hicho kisichokwisha?

Bonifas ndiye aliyepiga. Huko Mikumi nako kumefungwa, siku ile ile, mbele ya madereva, na dereva mmoja alimrushia chupa. Sauti yake nilikuwa naisikia nikiwa jikoni. "Ulisema nikushike wewe, Muda! Nakushika!" Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Ndiyo, kaka," simu ikakatwa.

Wiki hiyo mama mdogo hakwenda mazoezi ya kwaya. Hakumlaumu. Alipika, akapakua, akakaa. Lakini kuna namna alivyokuwa anaweka sahani chini, taratibu mno, na baba mdogo alikuwa anaisikia.

Siku zikapita. Halafu tukapata habari kwamba Yared yuko milimani kwao, amekuja kumzika bibi yake. Maana yake alikuwa ameshuka Kilosa, amepanda pikipiki, amepita nyuma ya nyumba yetu, na hakukanyaga. Kelvin ndiye aliyembeba, na ndiye aliyetuambia siku atakayorudi na treni atakayopanda.

"Nenda na baba yako mdogo," mama mdogo akaniambia. "Asije akapigana."

Hakupigana. Tulimkuta kwenye stesheni mpya ya treni ya umeme, amekaa kwenye kiti cha chuma, begi lile lile jeusi mapajani. Alipotuona alisimama haraka.

"Shikamoo, anko."

"Pole na msiba," baba mdogo akasema. Marahaba hakuitoa. Yared akaingoja kidogo, akaona haiji, akakaa.

"Asante, anko. Nilikuwa nataka nipite, ila..."

"Kosa liko wapi, Yared?"

"Kosa gani?"

"Kwenye akaunti. Wamekosea. Wewe unajua ni ya kampuni, uliniambia mwenyewe. Nenda ukawaambie."

Yared akaangalia reli. "Hawajakosea, anko."

"Una maana gani?"

"Kampuni ilikuwa inalalamika kuhusu mabanda. Nchi nzima watu wananunua akaunti moja ya nyumbani wanaonyesha mtaa mzima. Bosi akauliza, tutayajuaje mabanda? Yana alama gani? Kwenye nyumba watu hawabonyezi. Wanaweka picha wanalala. Bandani mtu anasimamisha, anarudisha, anasimamisha, hivyo hivyo mpaka mwisho. Tulikuwa na video zako zote. Zako na za mzee Bonifas. Mashine ikajifunza kutoka humo."

"Ikajifunza nini?"

"Kukutambua. Mtu yeyote anayebonyeza kama wewe, mashine inajua hilo ni banda."

Baba mdogo aliangalia mkono wake wa kulia, kisha akauweka mfukoni.

"Lakini mimi nilikuwa na ruhusa. Ulinipa."

"Ulikuwa nayo wakati wa majaribio. Majaribio yaliisha siku nilipotoa kamera."

"Ulisema niendelee."

Yared akashika zipu ya begi.

"Yared. Ulisema niendelee, kama kawaida. Mara mbili."

"Walitaka kuona kama mashine itawapata yenyewe," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya wakati ule anaingia na sanduku la bati. "Ilibidi mabanda mawili yaendelee bila kujua. Ningekwambia ungeacha, anko. Nakujua. Ungeacha siku ile ile."

Treni ilitangazwa. Watu wakaanza kujipanga na mizigo yao. Baba mdogo alibaki amesimama mbele yake, na mimi niliogopa, si kwamba atampiga, niliogopa kwamba atalia.

"Sitaki akaunti," akasema. "Sitaki kazi yenu. Nataka kitu kimoja. Twende bandani sasa hivi. Simama mbele ya watu, uwaambie Anko Muda hakuiba. Waambie ulinipa wewe. Hayo tu. Treni zipo nyingi."

"Siwezi, anko. Nimesaini. Mambo ya ndani ya kampuni siruhusiwi kuyatoa. Watanifukuza."

"Basi usitaje kampuni. Sema tu ulinipa wewe."

"Wataniuliza kampuni gani. Kelvin atanirekodi na simu, usiku niko mtandaoni." Akainuka, akasogea karibu, akashusha sauti. "Lakini sikiliza. Nitakufungulia nyingine kwa jina lingine. Wewe usisimamishe tu. Weka picha, iache iende. Usirudishe. Mashine haitakuona."

"Nisimulieje bila kusimamisha?"

"Usisimulie. Watazame tu, kama watu wengine."

"Kwa hiyo nikaibe kweli sasa," baba mdogo akasema. "Na nikae kimya."

Yared alitaka kumshika bega. Baba mdogo akarudi nyuma hatua, mkono ukabaki hewani. Kisha mlango wa kupandia ukafunguliwa, na Yared akaenda. Hakugeuka. Labda aligeuka akiwa ndani, lakini vioo vya treni ile ni vya giza, ukiwa nje huoni mtu.

Kesho yake baba mdogo alikwenda Mikumi. Aliyoyakuta huko alimweleza mama mdogo wakiwa uani, na mimi nilikuwa naosha vyombo. Alimkuta Bonifas ananing'iniza nyama mbele ya lile banda, maana ameligeuza bucha. Alimwamkia, Bonifas hakuitikia. Akamweleza yote, mpaka lile la mashine kujifunza kwenye vidole vyao. Bonifas akaendelea na kisu chake. Mwisho akasema, "Ulisema umemlea wewe. Basi amejifunzia kwako." Wateja wawili walikuwepo wakasikia.

"Ukamjibu nini?" mama mdogo akauliza.

"Ningemjibu nini, Magreth?"

Mama mdogo akasema, "Na hapa je? Watu wa hapa hujawaambia."

"Nitawaambia."

Jumapili akafungua banda. Hakuweka tangazo, alifungua milango tu, na habari za mlango wa Anko Muda huwa hazihitaji tangazo. Wakaja. Kelvin alikuja, mzee wa benchi la nyuma alikuja, akina mama na watoto wao. Runinga ilikuwa pale kwenye nondo, imezimwa. Mama mdogo alisimama mlangoni na gauni lake la kanisani. Nadhani alitaka waone amesimama upande gani.

Baba mdogo akaenda mbele. Mkononi hakuwa na kitu, na hakujua mikono aiweke wapi.

Alianza vibaya, anajikwaa. Akasema mambo ya kampuni, ya majaribio, watu wakaanza kupiga miayo. Lakini alipofika kwenye mtoto aliyeletwa na godoro na sanduku la bati, sauti ikajitengeneza yenyewe. Hakukusudia, ndivyo anavyojua kuongea na watu. Akamweka yule mtoto nyuma ya runinga, akamlaza, akamuuguza malaria. Akamleta na begi jeusi. Banda likatulia. Alipofika pale mama mdogo anaweka ungo chini, mwanamke mmoja akasema, "Mh!" Alipofika "Endelea kama kawaida," watu wakaguna wote kwa pamoja, na alipofika stesheni, alipouliza "Nisimulieje bila kusimamisha?", nilimwona mzee wa nyuma anajifuta jicho kwa kofia yake.

"Mimi sikuiba," akamalizia. "Nilipewa. Nilitaka mjue hivyo."

Halafu makofi. Makofi makubwa, miguu inapiga sakafu, watoto wanaruka juu ya mabenchi.

"Anko!" Kelvin akapaza sauti. "Hiyo umetunga mwenyewe? Hiyo kali kuliko zote!"

"Sijatunga, Kelvin. Wewe si ulimbeba mwenyewe?"

"Nilimbeba kweli. Lakini hiyo ya mashine kujua vidole! Anko, una balaa wewe!"

"Yule Yared angeuawa mwishoni," mtoto mmoja akasema. "Picha haiwezi kuisha jambazi amepanda treni."

"Ndiyo hivyo ilivyoisha," baba mdogo akasema.

"Basi bado," mzee wa nyuma akasema kwa huruma kabisa, kama anamfariji. "Bado haijaisha hiyo."

Baba mdogo akawaangalia mmoja mmoja, kama anatafuta hata uso mmoja uliosikia. Mama mdogo alikuwa anamwita kwa jina, si Baba Loveth, kwa jina, lakini kelele zilikuwa nyingi. Akashuka pale mbele, akapita katikati ya mabenchi, wakimpiga piga mgongoni kwa furaha, akatoka mlangoni alipokuwa mama mdogo, wakaondoka pamoja kuelekea nyumbani.

Mimi nilibaki nifunge milango. Nikangoja watoke. Hakuna aliyenyanyuka. Walisogeleana, wakapakata watoto, wa kahawa akaanza kupita, na wote wakageuza nyuso kwenye ile runinga iliyozimwa, wakisubiri picha ianze.